Nilichosema Juu ya Jiwe la Halo

Mkuyuni, Ijumaa mchana

Mjomba Lushinge,

Barua hii haina shikamoo. Usikunje uso. Najua ungekuwa hapa ungeisukuma karatasi kwa kidole kimoja na kusema, "Rudia, Bingwa, hapo juu pana uwazi." Leo uwazi huo nimeuacha makusudi, na sababu yake utaikuta huko mbele. Hata yale ya kwamba mimi mzima na hofu ni kwako nimeyaruka. Mimi si mzima sana. Na hofu juu yako sina tena, imehamia kwa watu wengine.

Naandikia kwenye stoo ya duka la spea za baiskeli, nimekalia kreti ya soda, karatasi iko juu ya boksi la mipira. Ndiyo, siku hizi nauza spea. Mlimani sikurudi. Lakini mwandiko wangu bado ni ule ule, hapo sikudanganyi. Darasa la tano langu linashinda la saba la watu wengi mtaa huu. Juzi fundi mmoja aliniomba nimwandikie barua ya posa, nikamwandikia kurasa mbili, msichana akakubali. Alikubali mwandiko, Mjomba. Yule fundi mwenyewe ungemwona meno yake ungenipa pole.

Wewe ndiye uliyenizoesha kuandika barua. Jioni kambini, ugali umeshashuka, unakalia dumu la maji lililolazwa, unafumba macho, unaanza kumsemesha Mama Kulwa kana kwamba ameketi upande wa pili wa moto. "Andika: nakusalimu sana. Andika: nawasalimu Kulwa na Doto, kila mmoja na salamu yake, wasigombanie moja. Andika: msalimie na yule ng'ombe mwenye pembe moja." Nami nakuuliza, "Mjomba, ukurasa mzima umekwisha kwa salamu, shida tutaiweka wapi, kwenye bahasha?" Ukajibu, macho bado umeyafumba, "Weka mwishoni. Akishajua nimemsalimia vizuri, shida ataisoma akiwa amekaa."

Neno hilo limenikaa kichwani tangu tulipokuzika.

Ngoja kwanza nikupe ya huku. Kambi bado ipo, ila mahema yamepungua. Wazungu wa dhahabu wamepeleka mashine kilima cha pili, wanasema kule udongo unaonyesha zaidi. Nyapara mpya aliyeshika nafasi yako anapiga filimbi kuita watu kazini, kama refa. Wewe ulikuwa unakohoa mara moja tu nje ya hema na watu wote wanaamka. Na Bosi amenunua simu nyingine, ndogo kama kipande cha sabuni, anaiweka mfuko wa shati. Ile yetu nzito sijui iko wapi, na sitaki kujua.

Doto ameng'oka meno mawili ya mbele. Kulwa anasema yeye ataanza shule kabla ya Doto kwa sababu alitangulia kuzaliwa. Ng'ombe mwenye pembe moja amezaa.

Sasa nakuja kwenye simu.

Unakumbuka siku Bosi alipoileta kambini? Nyeusi, nzito kama kiatu cha mgambo, na antena ya kuvuta. Alizunguka nayo mahema yote ameinyanyua juu, anageuka huku, anageuka kule, mwisho akaketi kwenye bodi ya gari na kusema hakuna netiweki mlima huu, basi. Watu wazima wote mkatikisa vichwa mkarudi kwenye mitaro yenu. Mimi, karani wa udongo, kazi yangu ikiwa kuandika namba kwenye mifuko ya sampuli, ndiye niliyesema, "Bosi, nipe mimi." Alicheka. Akanipa kwa sababu alikuwa amechoka.

Nilipanda majabali yote ya kilima kile, moja baada ya jingine, magoti yamechubuka, suruali imechanika mahali ambapo sitapataja. Saa tatu nzima! Mpaka nikafika lile jabali pana la upande wa ziwani, lenye mgongo kama wa kiboko. Ukisimama katikati, hakuna kitu. Ukisimama ukingoni kushoto, ukaelekea mjini, shingo umeinyoosha, vijiti vitatu! Pale hakuna kilima cha kuzuia, ni maji matupu ya ghuba mpaka mjini, na ndege za minofu ya sangara unaziona zikipaa. Nikapiga ofisini. Nikapiga kelele "Halo! Halo!" mpaka mkaacha majembe kule chini. Tangu siku hiyo jabali likaitwa Jiwe la Halo, na simu nikakabidhiwa mimi. Karani wa udongo na mkuu wa simu, vyeo viwili kwa darasa la tano. Nilitembea kambini kifua mbele wiki nzima. Ukaniambia, "Cheo cha tatu utapewa siku utakapojua kusalimia."

Maana nilikuwa sisalimii. Ofisi yenyewe ilikuwa hapa Mkuyuni, na simu ya mezani alikuwa anapokea Mzee Bwire, mtunza stoo. Mimi naye mazungumzo yetu yalikuwa hivi: "Halo! Unga umekwisha!" Nakata. "Halo! Majembe mawili yamevunjika!" Nakata. Jumamosi moja akaja mwenyewe na gari la chakula, akakuvuta pembeni, na kwa sauti yake ile ya taratibu akakulalamikia: "Bwana Lushinge, kijana wako ananipigia kama ananifukuza."

Ulivyoona aibu siku ile! Hukunipiga. Afadhali ungenipiga. Uliniketisha kwenye dumu na kunifundisha kama mtoto wa chekechea: "Unampigia mtu mzima. Sema shikamoo, ngoja marahaba yake. Atakuuliza hujambo, mjibu. Atakuuliza habari za huku, sema nzuri, hata kama ni mbaya. Kila mtu anajua zitakuja baadaye. Muulize na yeye za kwake. Hapo ndipo unamwambia unga umekwisha. Wewe si king'ora." Nikakuchokoza, "Mjomba, salamu hizo zitamaliza betri, na betri inachajiwa Jumamosi tu gari likija." Ukasema, "Betri inachajiwa. Adabu yako nitaichaji wapi?" Watu wakacheka mpaka wakamwaga chai, na mimi nikacheka, nikakwambia sawa, nimeelewa, halafu Jumatatu nikapiga, "Halo! Sukari!"

Na tulikuwa na siri yetu, mimi na wewe. Ile siku ya kuoga mtoni niliona ulivyojifunga kitambaa kinenani, na ule uvimbe. Ngiri. Ulinishika mkono ukaniambia nikimwambia mtu utanirudisha kwa mama yangu. Mimi badala ya kukuambia nenda hospitali, nikageuza utani. Nikawa nakuigiza unavyotembea, miguu imetanuka kama bata aliyemeza embe, na kambi nzima inacheka bila kujua inacheka nini. Wewe ulikuwa unacheka kuliko wote. Nilidhani mtu anayecheka hivyo haumwi.

Halafu ikaja ile Alhamisi.

Kwanza nikueleze Jumatano, maana Alhamisi imeanzia pale. Jumatano baada ya kazi nilipanda juu ya jiwe nikapiga saluni moja ya Mkuyuni yenye simu ya mezani, kuna binti pale anasuka. Nilitaka tu ajue kuwa kuna mtu anampigia kutoka mlimani kwa simu ya mkononi. Nikamweleza mlima kama wa kwangu. Nikamweleza ndege, ziwa, na jinsi Bosi asivyoweza kufanya chochote bila mimi. Alikuwa anacheka, na nyuma yake wanawake wengine wanacheka, na kila wakicheka mimi naongeza. Niliposhuka kijiti cha betri kilikuwa kimoja. Nikasema si neno, Jumamosi si mbali.

Asubuhi nilikuta unatapika nje ya hema umeshika tumbo. Uso wako ulikuwa wa majivu. Tumbo gumu kama ubao, na ile ngiri imetoka na imekataa kurudi. Hapo siri yetu ikawa ya watu wote. Mlinzi alisema, "Tumbebe sasa hivi, tushuke naye kijijini, tukaombe mkokoteni wa ng'ombe." Wakaanza kutafuta kitanda na miti ya kubebea. Mimi ndiye niliyewazuia. Nilisema, "Mkokoteni wa nini? Napiga simu, gari linafika saa nne." Wakanitazama. Wakaniamini, Mjomba. Mkuu wa simu amesema.

Nilikimbia mpaka kule juu. Nikavuta antena kwa meno. Mzee Bwire huwa anafika ofisini kabla ya watu wote, anafagia mwenyewe. Simu ikaita mara tatu, akapokea. Na sasa sikiliza nilichofanya, maana sijamwambia mtu yeyote duniani.

Nilisema, "Shikamoo, Mzee Bwire."

Sijui ilitoka wapi. Kwa mwaka mzima nilikuwa sijamwamkia hata siku moja, na siku ile, wewe ukiwa umejikunja chini kule, nikajikuta nataka niwe vile ulivyotaka. Labda nilifikiri nikikutii, utapona. Sijui. Na yeye alifurahi! Alifurahi kama mtu aliyepata barua ya mtoto wake. "Marahaba, marahaba mwanangu! Haa, leo umeanza na shikamoo! Hujambo?" Nikasema sijambo. "Habari za kambini?"

Nikasema, "Nzuri."

Nikavuta pumzi niseme "ila." Ile ila ilikuwa iko hapa kwenye ulimi. Simu ikalia tii, tii, kioo kikazima. Nikaibonyeza, nikaikumbatia kifuani ipate joto, nikatoa betri nikaipuliza, nikairudisha. Ilikuwa imekufa. Na Mzee Bwire kule Mkuyuni akarudisha mkono wa simu mahali pake akijua kambini ni salama na kijana wa Lushinge hatimaye amepata adabu.

Hapo ningeshuka mbio na kusema, simu imekufa, mbebeni. Ilikuwa bado saa mbili. Ningesema hivyo tu, Mjomba. Nilikuwa njiani nashuka, nimeshayapanga maneno. Nikawaona wote wamesimama chini wamenyanyua nyuso, wananingoja mimi. Mlinzi akaniuliza umempata? Na mdomo wangu huu ukasema, "Nimempata. Gari liko njiani."

Watu wakashusha kile kitanda. Mmoja akasema asante Mungu. Mwingine akachochea moto wa chai. Mimi nikaingia hemani, nikapiga magoti karibu yako, na wewe kwa sauti ndogo ukaniuliza jambo moja tu. Hukuuliza gari. Uliuliza, "Umemsalimia?"

Nikasema, "Nimemsalimia, Mjomba."

Ukasema, "Vizuri."

Nimeandika mistari hiyo nikainuka nikatoka nje. Nimerudi.

Saa nne ikafika. Saa tano ikafika. Kila kitu kikinguruma bondeni, ndege au upepo, watu wanageuza masikio. Walianza kuniuliza, nikasema labda pancha. Wakasema nenda kapige tena. Nikaichukua simu iliyokufa, nikapanda nayo juu ya jiwe, nikaiweka sikioni, nikapiga kelele ili wasikie, "Halo! Halo! Gari liko wapi? Pancha? Sawa mzee, tunawangoja!" Kioo cheusi. Nilikuwa naongea na shavu langu. Na najua wewe hemani ulisikia, kwa sababu niliporudi ulikuwa unatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali.

Saa nane mlinzi alikataa kungoja tena. Wakakubeba. Kijijini mkokoteni, barabarani pikapu ya mtu wa pamba, hospitali tulifika saa moja jioni. Daktari alikuwa kijana, alikuwa amekasirika, alisema utumbo umenyongwa umeoza, mngemfikisha hata saa saba mchana ningekuwa na la kufanya. Nikapiga hesabu kichwani, maana hesabu naijua. Kutoka saa nane hadi saa moja ni saa tano. Kutoka saa mbili, ukijumlisha hizo saa tano, inakuwa saa saba.

Ijumaa asubuhi ukaondoka.

Sasa kilichotokea msibani hukukiona, ingawa ulikuwepo. Tulikuwa Misungwi kwako, chini ya turubai la kanisa. Watu wa kambini walieleza kama wanavyojua wao: kijana alipiga simu, ofisi ikasema gari linakuja, halafu ikasema pancha, gari halikuja. Hawakudanganya, walisema walichosikia. Mzee Bwire akafika na kilo zake za mchele na sukari amebeba mwenyewe begani. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Kulwa kumpa mkono. Mama Kulwa hakuupokea. Akamuuliza mbele ya wote, "Gari uliliweka wapi, baba?"

Mzee Bwire alifungua mdomo. Halafu akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Alijua nilichomwambia. Alikuwa na neno moja la kujiokoa nalo, "nzuri," na alikuwa na haki nalo. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeazima viatu, vilikuwa vikubwa, nakumbuka kamba zake zilikuwa za rangi mbili. Nilipoinua macho yeye alikuwa ameufunga mdomo. Alisema "Poleni sana," akauweka mchele chini, akatoka.

Mwezi haukuisha Bosi akamwondoa kazini. Walisema aliua mtu kwa uzembe.

Kwa nini hakusema? Nimejiuliza usiku na mchana. Nadhani aliona mtoto, akaona msiba, akaona hapo si mahali pake. Au alidhani nitasema mwenyewe. Alinipa nafasi, Mjomba, kama mtu anayekupisha mlangoni, na mimi mpaka leo sijapita.

Siku ya kuanua matanga waligawa vitu vyako. Mama Kulwa akasimama, akachukua lile koti lako la kijivu la mtumba, lenye kifungo kimoja cha kijani ulichoshona mwenyewe, akasema hili ni la Maduhu, kwa sababu siku ile ni yeye aliyehangaika, alipanda mlima mara mbili kwa ajili ya mjomba wake. Akanivisha mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele vya kulia. Mjomba, wewe unajua jinsi ninavyopenda kusifiwa. Siku hiyo niliona kama nimevishwa mkaa wa moto. Kwenye mfuko wake nilikuta kitambaa chako cha pua na kipande cha penseli yangu uliyodai hukuichukua.

Sijalivaa tena. Limetundikwa hapa mbele yangu kwenye msumari.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Misungwi kusema. Nilikuwa nimejiandaa barabara, nilijisemesha safari nzima mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikafika. Mama Kulwa alikuwa anapepeta mtama. Akaniambia karibu mwanangu, nikamwamkia, akaitikia. "Habari za Mwanza?" Nzuri. "Za kazi?" Nzuri. "Umelala salama?" Salama. "Za mama yako?" Nzuri. Kila nikisema nzuri moja, lile neno langu linazama chini kidogo. Mpaka anamaliza kunisalimia nilikuwa sina kitu mdomoni. Doto akaja kunionyesha pengo, nikakaa kula viazi vyao, nikarudi mjini. Tena nikiondoka akanifungia karanga.

Na Jumanne hii nilikuwa Buhongwa kupeleka spea, nikamwona Mzee Bwire. Anauza mkaa sasa, kwa debe, ukutani mwa nyumba ya mtu. Kucha nyeusi, yule mzee aliyekuwa akifuta simu ya ofisi kwa kitambaa kila asubuhi! Nilitaka kupita upande wa pili wa barabara. Aliniona kabla. Na mimi kijana, nisiyekuwa na haki hata ya kusimama mbele yake, yeye ndiye akaanza, "Hujambo mwanangu? Habari za nyumbani?"

Nikasema, "Nzuri, mzee."

Hakucheka wala hakukasirika. Aliniangalia kidogo, akachota mkaa wa mteja wake, akasema, "Haya. Nzuri."

Tangu Jumanne sijala vizuri, na mimi kula unanijua.

Nimefikiri sana kama nikulaumu wewe. Usiku mmoja nilikulaumu kweli. Nilisema laiti usingenifundisha, ningepiga kama king'ora, "Halo! Mjomba anakufa, leteni gari!" na ungekuwa hai, unanituma sukari. Lakini nikijisikiliza vizuri najua shikamoo haikukuua. Shikamoo ilimaliza dakika moja ya betri. Saa sita zile nilizimaliza mimi, juu na chini ya jiwe, kwa kuogopa kuonekana mtu ambaye simu yake imekufa. Ulinifundisha kusema nzuri halafu niseme lililopo. Mimi nilijifunza nusu ya kwanza nikaona nimefuzu. Ndivyo nilivyofanya na shule pia.

Basi kesho Jumamosi nimeomba ruhusa. Nitaanzia Buhongwa. Nitamwambia Mzee Bwire aache mkaa wake kwa jirani tuende wote Misungwi, na akikataa nitambembeleza, na akikataa tena nitakwenda peke yangu nirudi na Mama Kulwa. Koti nimelitungua sasa hivi nikalikunja, nitalibeba mkononi. Kifungo cha kijani kilikuwa kimelegea nimekishona, usiseme nimelirudisha bovu. Mama Kulwa akinikaribisha na kuniuliza habari za Mwanza nitasema mbaya. Akiuliza za safari, mbaya. Nitaendelea kusema mbaya mpaka aache kupepeta aniulize kuna nini, na hapo nitasema yote: binti wa saluni, betri, ile nzuri, kitanda walichokishusha, na zile kelele nilizopiga kwenye simu iliyokufa. Nitayasema nimesimama, mbele ya Kulwa na Doto kama watakuwepo, ili wakikua wasimchukie mzee wa watu. Kisha nitakwenda kwa Bosi na kwa watu wa kambini, niyarudie. Anifanye anavyotaka. Anipeleke polisi akipenda.

Mama Kulwa anaweza kunifukuza. Anaweza kunipiga kwa mchi, na mkono wake unaujua kuliko mimi. Hilo ni la kwake na sitakuomba uniombee.

Lala, Mjomba. Ulilingoja gari langu tangu asubuhi ile, ukiwa umetulia, na ulinisikiliza nikikudanganya kutoka juu ya jiwe ukakubali kwa kichwa. Sitakungojesha tena.

Shikamoo yako ninayo, sijaitoa. Nitaileta mwenyewe kaburini kesho, nikishatoka kwao, kama bado nitakuwa na meno ya kuitamkia.

Mpwa wako,
Maduhu